Hesabu ya Kimoyomoyo na Kiti cha Magurudumu

Wakati wa mavuno ya kahawa katika Kata ya Iyula, Wilaya ya Mbozi, uchumaji hupimwa kwa debe. Awapo shambani, mchumaji hahitaji mizani ili kujua kwamba kikapu cha jirani yake kimejaa kuliko chake. Jicho limekwisha kumwambia. Lakini afikapo mbele ya karani, jicho halitoshi tena. Hapo madebe huhesabiwa moja moja, na kosa la debe moja huzua ugomvi. Mtu huyo, katika siku moja, ametumia uwezo wa namna mbili zilizo tofauti kabisa: kukadiria wingi kwa kuutazama, na kuhesabu kwa majina ya namba. Uwezo wa kwanza anashirikiana na simba wa Serengeti. Wa pili hana budi kufundishwa.

Namna ubongo ushughulikiavyo namba ilikuwa kwa muda mrefu jambo la walimu na waganga tu. Baadaye kuhesabu kumepata kazi mahali pasipotazamiwa: katika karakana za wahandisi wanaounda viti vya magurudumu vyenye kompyuta, vinavyokusudiwa mtu asiyeweza kusogeza mguu, mkono wala kidole. Mtu huyo huombwa afanye jambo dogo ambalo kila mtoto wa darasa la kwanza analijua, yaani ahesabu kimoyomoyo. Jinsi kuhesabu huko kunavyoweza kukiongoza kiti, na wapi kunakoshindwa, ndilo jambo linaloelezwa hapa.

MAHARAGE YA JEVONS

Mwaka 1871 mtaalamu wa elimu ya uchumi wa Uingereza, William Stanley Jevons, alichapisha jaribio lisilohitaji chombo chochote cha maabara. Alirusha maharage meusi ndani ya kisanduku cheupe, akayatupia jicho mara moja, akataja idadi pasipo kuhesabu, kisha akahesabu ili kuona kama amepatia. Alifanya hivyo mara 1,027. Yalipokuwa matatu au manne hakukosea hata mara moja. Yalipofika matano makosa yakaanza, na kadiri yalivyoongezeka ndivyo makosa yalivyozidi.

Mwalimu anaweza kulirudia jaribio hilo darasani kwa sahani nyeupe, kitambaa na konzi ya maharage. Mwanafunzi mmoja humwaga maharage, hufunua kitambaa kwa muda wa kupepesa jicho, kisha hufunika; wenzake huandika idadi waliyoiona. Makosa yakipangwa katika jedwali, ule mpaka wa nne hujitokeza wenyewe. Kisha jaribio ligeuzwe: sahani mbili ziwekwe pamoja, na wanafunzi waulizwe ni ipi yenye maharage mengi zaidi. Kumi na ishirini hutofautishwa papo hapo. Tisini na mia, ingawa tofauti ni ile ile ya kumi, huwatatiza karibu wote. Jicho halipimi tofauti bali uwiano: 10 kwa 20 ni nusu, bali 90 kwa 100 ni sehemu tisa katika kumi. Kanuni hii huitwa kwa jina la Ernst Weber, Mjerumani aliyeichunguza katika karne ya 19 kwa kuwapa watu vitu vya uzito mbalimbali mkononi. Baadaye ikaonekana kwamba wingi nao huitii.

Wala uwezo huu haukuanza na binadamu. Mwaka 1994 Karen McComb, Craig Packer na Anne Pusey walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya simba wa Serengeti. Walicheza kwa kipaza sauti ngurumo zilizorekodiwa za majike wageni, mara ngurumo ya jike mmoja, mara ya majike watatu wakinguruma pamoja. Majike wenyeji waliposikia mgeni mmoja, aghalabu waliinuka na kumwendea. Waliposikia watatu walisita zaidi, na hata waliokwenda walikwenda kwa hadhari. Uamuzi wao ulitegemea pia wao wenyewe walikuwa wangapi. Simba hajui neno "tatu". Hata hivyo analinganisha wingi wa kundi lake na wingi wa wageni, na kosa katika ulinganisho huo laweza kumgharimu uhai.

VIDOLE NA SELI ZA NAMBA

Waganga ndio waliokuwa wa kwanza kuuliza ni sehemu gani ya ubongo ifanyayo kazi hii, kwa kuwa waliwaona watu walioipoteza. Mwaka 1924 Josef Gerstmann, daktari wa Vienna, alieleza habari za mgonjwa aliyekuwa na akili timamu na maneno yaliyonyooka, lakini aliyeshindwa kutaja vidole vyake mwenyewe. Baadaye Gerstmann aliona kwamba wagonjwa wa namna hiyo, walioumia ubongo upande wa kushoto, nyuma kidogo ya utosi, mara nyingi hupotewa na mambo manne kwa pamoja: kutambua vidole, kutofautisha kushoto na kulia, kuandika, na kufanya hesabu. Kama mambo hayo manne yana shina moja, au yamekaa jirani tu hata pigo moja likayaangusha yote, ni swali ambalo wataalamu bado wanabishana juu yake. Lakini ujirani wa vidole na hesabu haumshangazi mtu aliyemwona mtoto akijifunza kujumlisha.

Kuanzia miaka ya 1990 mashine za sumaku zipimazo mwendo wa damu ndani ya ubongo ziliwezesha jambo hilo kutazamwa kwa watu wazima wa afya. Mtu alinganishapo namba, iwe imeandikwa kwa tarakimu, imetamkwa, au imeonyeshwa kwa vidoti, damu huongezeka katika mfuo mmoja mrefu ulio ndani ya pande la ubongo chini ya utosi, kushoto na kulia. Mfaransa Stanislas Dehaene ni miongoni mwa waliofanya kazi kubwa katika uchunguzi huo.

Andreas Nieder na wenzake waliingia ndani zaidi. Mwaka 2002 walionyesha kwamba katika ubongo wa kima mna seli za neva ambazo kila moja ina namba yake. Seli ya "tatu" hutoa mapigo mengi zaidi ya umeme mnyama aonapo vidoti vitatu. Akiona viwili au vinne hutoa mapigo machache. Akiona kimoja au vitano, machache zaidi. Kwa hiyo hakuna seli isemayo "tatu" kwa uhakika. Wingi hutambuliwa kwa sauti za seli nyingi zikijumlishwa, mfano wa mkutano wa kijiji ambao hauamuliwi na msemaji mmoja. Mwaka 2018 seli za namna hiyo zilionekana pia kwa binadamu, katika wagonjwa wa kifafa huko Bonn, Ujerumani, waliokuwa wamewekewa nyaya nyembamba ndani ya ubongo kwa ajili ya matibabu yao. Na mwaka 2023 watafiti hao walionyesha kwamba seli hizo ni sahihi zaidi kwa namba ndogo, na kwamba mpaka upo karibu na nne. Maharage ya Jevons yalikuwa yamekwisha kusema hivyo miaka mia moja na hamsini kabla.

NGAZI YA MAJINA

Kupita nne kwa uhakika kunahitaji ngazi, na ngazi hiyo ni majina ya namba. Mtoto wa Iyula huweza kukutana na ngazi tatu: Kinyiha nyumbani, Kiswahili katika shule ya msingi, Kiingereza katika sekondari.

Ngazi si sawa zote. Kiswahili husema "kumi na moja", "kumi na mbili", hadi "kumi na tisa", na kwa kusema hivyo humwonyesha mtoto jinsi namba ilivyojengwa. Kichina nacho hufanya hivyo, na uchunguzi uliolinganisha watoto wa China na wa Marekani umeonyesha kwamba wa China huzipita namba hizo kwa makosa machache zaidi, kwa kuwa majina ya Kiingereza ya 11 na 12 hayaonyeshi kumi hata kidogo. Lakini afikapo ishirini mtoto wa Kiswahili hukuta kipago kilichofunikwa. Neno hilo limetoka Kiarabu, nalo halimwambii kwamba ni makumi mawili. Vivyo hivyo thelathini na arobaini. Hata chini ya kumi Kiswahili kimechanganya: sita, saba na tisa ni maneno ya Kiarabu yaliyoyasukuma kando maneno ya Kibantu. Tisa iliitwa kenda, na ile saba ya zamani bado imejificha katika fungate, siku saba za maarusi, ingawa wengi wanaokwenda fungate siku hizi hawazihesabu.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Mwaka 2001 Elizabeth Spelke na Sanna Tsivkin walichapisha majaribio waliyofanya na Warusi waliojua Kiingereza pia. Watu hao walifundishwa hesabu mpya, nyingine kwa Kirusi, nyingine kwa Kiingereza. Walipoulizwa jibu kamili, walijibu upesi zaidi katika lugha waliyofundishiwa hesabu ile. Walipotakiwa kukadiria tu, lugha haikuleta tofauti. Makadirio hukaa katika ule uwezo wa kale usio na maneno. Jibu kamili hukaa katika maneno. Mwalimu anayemwona mwanafunzi wa kidato cha kwanza, aliyekuwa hodari wa jedwali la kuzidisha, akikawia ghafla, asimdhanie uvivu kabla ya kuitazama lugha ya swali.

Kuhesabu kimoyomoyo, basi, ni kazi nzito kuliko idhaniwavyo. Hudai umakini, kumbukumbu na maneno kwa wakati mmoja. Lakini haidai kiungo chochote cha mwili. Mtu aliyevunjika shingo, au aliyepigwa na ugonjwa unaokausha neva za misuli hadi hawezi hata kutamka, bado aweza kuhesabu. Hapo ndipo wahandisi walipopata mlango.

WAPIGA DEBE NA WIMBI LA UBONGO

Ubongo hutoa umeme, nao hupenya hadi kwenye ngozi ya kichwa. Mjerumani Hans Berger alikuwa wa kwanza kuurekodi kwa binadamu, mwaka 1924, akachapisha matokeo yake mwaka 1929. Umeme huo ni hafifu mno. Hupimwa kwa mikrovolti, yaani sehemu za milioni za volti moja, ilhali betri ndogo ya tochi ina volti moja na nusu.

Mwaka 1965 Samuel Sutton na wenzake huko Marekani walieleza juu ya wimbi moja la pekee katika umeme huo. Ili kulifahamu, mtu na afikirie abiria aliyesimama katika kituo cha mabasi cha Tunduma. Wapiga debe wanaita majina ya miji: Mbeya, Vwawa, Mbeya, Mbeya, Mlowo. Abiria anayekwenda Mlowo huyasikia yote lakini hayamgusi, mpaka jina lake litajwapo. Hapo kitu ndani yake hustuka. Mstuko huo una alama ya umeme: kiasi cha sehemu tatu katika kumi za sekunde, yaani milisekunde 300, baada ya jambo lililongojewa kutokea, wimbi hupanda juu ya utosi. Huitwa wimbi la 300. Sharti lake ni mawili: jambo liwe linangojewa, na liwe linatokea kwa nadra miongoni mwa mengine.

Mwaka 1988 Lawrence Farwell na Emanuel Donchin, katika Chuo Kikuu cha Illinois, walilitumia wimbi hilo kuandika. Walipanga herufi na alama 36 katika mraba wa safu 6 kwa 6 mbele ya mtu, kisha safu na mistari ikawa inawaka na kuzimika bila mpango maalumu. Mtu alikaza macho katika herufi aliyoitaka, na kila ilipowaka alihesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Kompyuta ilitafuta ni mstari upi na safu ipi zilizofuatwa na wimbi la 300. Zilipokutana ndipo ilipokuwa herufi.

Hapa pana kosa ambalo magazeti hulifanya mara nyingi. Mashine haisomi namba. Haijui kama mtu amefika saba au kumi na mbili, wala haihitaji kujua. Kinachosomwa ni mstuko wa kutambua kitu kilichongojewa. Kuhesabu ni kamba tu ya kuufunga umakini usitangetange. Akikosea hesabu hakuna dhara, mradi hakuacha kuhesabu. Ama kusoma namba yenyewe kutoka katika ubongo, kumejaribiwa kwa zile mashine kubwa za sumaku, na idadi ya vidoti imeweza kukisiwa vizuri kuliko kubahatisha; lakini mashine hizo hujaza chumba kizima, na mtu hulazwa ndani yake bila kutikisika. Hakuna kiti kitakachobeba chombo hicho.

MITA KUMI NA NANE

Sasa na kichukuliwe kiti chenye mota, na mbele ya mkaaji kioo chenye picha tisa: mlango, kitanda, meza, na kadhalika. Picha zinawaka moja moja, nane kwa sekunde. Mkaaji anataka kwenda mezani, naye anahesabu kila meza iwakapo.

Tabu ni kwamba wimbi ni dogo na kelele ni kubwa. Tuseme kwa mfano kwamba wimbi ni mikrovolti 5, na kelele za ubongo unaoendelea na kazi zake nyingine, pamoja na misuli ya taya na macho, ni mikrovolti 20. Wimbi moja likizama katika kelele hizo halionekani. Dawa yake imo katika hesabu za wastani. Vipimo vingi vikijumlishwa na kugawanywa, wimbi hubaki lile lile kwa kuwa huja wakati ule ule kila mara, bali kelele hupungua, kwa kuwa mara huwa juu mara huwa chini. Hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo. Vipimo 4 huzipunguza hadi nusu, vipimo 16 hadi robo. Kwa vipimo 16, kelele zimeshuka hadi mikrovolti 5 na wimbi limeanza kuonekana.

Lakini picha tisa kwa mwendo wa nane kwa sekunde huchukua zaidi kidogo ya sekunde moja kuzunguka. Mizunguko 16 ni sekunde 18. Kiti kiendacho mwendo wa mtu atembeaye taratibu, mita moja kwa sekunde, kitakuwa kimekwenda mita 18 kabla ya kompyuta kujua mkaaji alitaka nini. Vyombo vya leo hufanya vizuri kuliko mfano huu, kwa kuwa kompyuta hujifunza umbo la wimbi la kila mtu na hukata shauri mara ushahidi utoshapo. Hata hivyo hesabu bado huchukua sekunde, si sehemu ndogo ya sekunde. Mtoto akikatiza mbele ya kiti, sekunde mbili ni nyingi.

Kwa sababu hiyo watafiti waliokuwa Singapore, akiwemo Brice Rebsamen, waliacha fikira ya kumfanya mkaaji aendeshe kila hatua. Mkaaji alichagua mahali pa kwenda tu, na kiti kikafuata njia iliyokwisha kuwekwa katika kumbukumbu yake. Amri ya kusimama ikapewa njia yake ya pekee iliyo ya haraka. Huko Zaragoza, Hispania, kundi la Javier Minguez lilionyesha mwaka 2009 kiti kilichopima vitu kwa mwali wa leza na kuvichora katika kioo papo hapo, mkaaji akachagua kwa wimbi la 300 ni wapi katika mchoro ule apelekwe.

Hapo ndipo neno "akili" liingiapo katika kiti. Kiti kina vihisi vyake. Kile kitumiacho mlio usiosikika na binadamu hufanya kama popo: hutoa mlio na kungoja mwangwi. Sauti huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja katika mia ya sekunde, sauti imekwenda mita 3.4 kwenda na kurudi, na ukuta upo mita 1.7 mbele. Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Michigan kiliunda kiti cha namna hiyo kilichoitwa NavChair. Waundaji wake walikutana na kioja chenye mafunzo: kiti kilichofundishwa kukwepa kila kizuizi hukataa kupita mlangoni, maana miimo ya mlango ni vizuizi viwili. Ilibidi kipewe hali ya pekee ya kupita milango. Kujua nini ni kizuizi na nini ni njia si jambo la kihisi peke yake. Ni kujua mtu anakusudia nini.

Njia nyingine haitumii kuhesabu. Mkaaji hufikiri kana kwamba anasogeza mikono yake au miguu yake, na kila fikira hubadili umeme wa ubongo kwa namna yake. Mwaka 2022 kundi la José del R. Millán lilichapisha matokeo ya watu watatu waliopooza mikono na miguu, waliofundishwa njia hiyo kwa miezi kadhaa. Wawili waliendelea sana hata wakaweza kupitisha kiti katika chumba chenye vizuizi. Wa tatu hakuendelea kama wao. Watafiti waliona kwamba kwa wale waliofaulu si kompyuta peke yake iliyokuwa imejifunza, bali mawimbi ya ubongo wao nayo yalikuwa yamezidi kutofautika. Ilikuwa kama kujifunza baiskeli, na kama katika baiskeli, si kila mtu alijua kwa muda ule ule.

NJIA YA UDONGO

Majaribio yote hayo yalifanyika juu ya sakafu. Mbozi ni nchi ya vilima, na mvua huanza kiasi cha Novemba na kuendelea hadi Aprili. Kiti chenye mota na betri huweza kuzidi kilo 100. Kikizama katika tope, wanaohitajika kukinyanyua ni watu wanne. Kofia ya kupimia mawimbi hutaka msaidizi wa kuivisha, na aghalabu marhamu ya kupitisha umeme inayokauka baada ya saa chache. Ni haki kusema kwamba kwa mtu aliyepooza hadi midomo chombo hiki huweza kuwa msaada mkubwa, na utafiti wake hauna budi kuendelea. Bali kwa walio wengi, ambao mikono yao ni mizima na miguu ndiyo iliyokufa kwa sababu ya ajali ya pikipiki, kuanguka mtini au polio ya utotoni, akili ya kiti haina budi kutafutwa kwingine.

Swali hilo liliulizwa Tanzania. Mwaka 2005 Amos Winter, aliyekuwa mwanafunzi wa uhandisi katika chuo cha MIT cha Marekani, alikuja nchini kuchunguza viti vilivyokuwa vikitumika. Aliona kwamba kiti cha kawaida cha kusukuma kwa mikono hushindwa katika njia mbovu, na baiskeli ya magurudumu matatu, ijapokuwa huenda mbali, haiingii ndani ya nyumba. Kiti alichobuni baadaye pamoja na wenzake kina nyenzo mbili ndefu zinazosukumwa kwa mikono, na mnyororo na gia za baiskeli ambazo fundi yeyote wa kijijini huzijua. Gia haibadilishwi, hubadilishwa mahali pa kushika. Mtu akisukuma kwa nguvu ya nyutoni 100 akiwa ameshika sentimita 60 juu ya egemeo, hupata nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 60. Akishika sentimita 30, hupata 30 tu, lakini kwa msukumo wa urefu ule ule wa mkono gurudumu huzunguka mara mbili zaidi. Juu kwa kupanda kilima na kutoka topeni, chini kwa kwenda mbio barabarani.

Umuhimu wake huonekana kwa hesabu ndogo. Mtu na kiti chake wakiwa kilo 90, uzito wao ni karibu nyutoni 900. Katika mteremko unaopanda mita 1 kwa kila mita 12, sehemu ya uzito inayokirudisha kiti nyuma ni kiasi cha nyutoni 75, hata kabla ya kuhesabu tope. Mteremko ukiwa 1 kwa 6 huwa nyutoni 150, nayo haina budi kushindwa kila hatua ya njia, si mara moja tu.

Jaribio la kwanza la kiti hicho katika Afrika Mashariki halikuwa la sifa tupu. Watumiaji walikisifu njiani wakakilalamikia nyumbani: kilikuwa kizito na kipana mno kwa kupita ndani. Wabuni walirudi mezani wakakipunguza. Ni ule ule mlango wa NavChair, umerudi kwa sura nyingine.

Huko Moshi, katika eneo la hospitali ya KCMC, chuo cha TATCOT kilichoanzishwa mwaka 1981 kwa ajili ya mafundi wa viungo bandia kimefundisha pia mafundi wa viti vya magurudumu kutoka nchi mbalimbali. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa viti vya kusukumwa kwa mikono katika nchi zenye uwezo mdogo, nao ulisisitiza jambo ambalo mafundi wamelijua siku zote, kwamba kiti hupimwa kwa mtu kama nguo. Upana wa nyonga, urefu wa paja, kimo kutoka kisigino hadi goti: kiti kikiwa kipana mkaaji hupinda mgongo, kikiwa chembamba humbana. Mtu asiyekuwa na hisia chini ya kiuno hasikii maumivu ya kukalia mahali pamoja, na kidonda cha mgandamizo kinaweza kumwua kabla ya kilema chenyewe. Kwa hiyo hufundishwa kujiinua kwa mikono au kuinama mbele mara kwa mara, na kukaa hivyo kwa muda mpaka damu irudi. Hana saa ya kumkumbusha wala mwili wa kumwambia muda umetosha. Huhesabu kimoyomoyo.